Kuigiza "Mkaguzi Mkuu wa Serikali" kwenye ukumbi wa mabati

Kijana niliyempa nafasi ya Khlestakov, yule anayedhaniwa kuwa mkaguzi, alikuja mazoezini Jumamosi ya pili amevaa miwani nyeusi, cheni shingoni, kofia kaipindua nyuma. Akatembea kwa madaha mpaka katikati ya ukumbi, akasema, "Madam, huyu jamaa si tapeli? Basi nimekuletea tapeli mwenyewe." Wenzake wakampigia makofi. Nikamwambia avue vyote, akae, anywe chai, kwa sababu alichokileta ndicho kile kile kilichoharibu tamthiliya hii siku ya kwanza kabisa ilipopanda jukwaani, mjini St Petersburg, tarehe 19 Aprili 1836 kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, na nje ya darasa naongoza kikundi cha maigizo chenye vijana wa parokia, walimu wawili, fundi cherehani na mama mmoja mwenye mgahawa. Tamthiliya hii ya Nikolai Gogol tumeiigiza mara nne, kwa tafsiri ya Christon Mwakasaka iliyotoka mwaka 1979. Jina la Mwakasaka huku Rungwe halihitaji maelezo. Mara ya kwanza nilipowatajia wazee mtafsiri ni nani, walisogeza viti mbele.

Namwandikia mwalimu au kiongozi wa kikundi anayetaka kuiigiza na hana pazia, hana taa, hana bajeti. Nitasimulia tunavyofanya, na kila mahali nitarudi kwenye historia yake ya jukwaani, kwa sababu makosa karibu yote tuliyoyafanya yalikwisha fanywa na waigizaji wakubwa kabla yetu, na dawa zake zilikwisha patikana.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mji mdogo wa mbali, ambao Gogol hakuupa jina, unapata habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka mji mkuu kwa siri, bila kujitambulisha. Viongozi wa mji, ambao kila mmoja ana lake la kuficha, wanamdhania kijana mmoja, Khlestakov, aliyekwama kwenye nyumba ya wageni kwa kukosa hela, kuwa ndiye mkaguzi. Wanamkirimu, wanamkopesha fedha ambazo hazitarudi, mkuu wa mji anakaribia kumwoza binti yake. Kijana anaondoka mifuko imejaa. Mkuu wa posta, mwenye tabia ya kufungua barua za watu, anafungua barua ya kijana huyo kwa rafiki yake, na ukweli unajulikana. Kabla hawajapumua, askari anaingia kutangaza kwamba mkaguzi halisi amefika.

Somo la kwanza ni hofu

Wakati tamthiliya inapanda jukwaani Gogol alikuwa na umri wa miaka 27. Tarehe 7 Oktoba 1835 alikuwa amemwandikia mshairi Alexander Pushkin kumwomba kisa chochote cha Kirusi, cha kuchekesha au kisichochekesha, akaahidi kukitengenezea komedi ya sehemu tano. Pushkin alikuwa na kisa kilichomkuta mwenyewe: mwaka 1833, alipokuwa safarini akikusanya habari za uasi wa Pugachev wa karne ya 18, alidhaniwa kuwa mkaguzi wa siri. Miezi sita baada ya barua ile, komedi ilikuwa jukwaani.

Siku ile Khlestakov alichezwa na Nikolai Dyur, hodari wa michezo myepesi ya nyimbo na vichekesho. Alimcheza kama muongo wa jukwaani waliyemzoea watu, tapeli anayejua anachofanya na anayewakonyezea watazamaji. Gogol alitoka pale na uchungu. Aliandika baadaye kwamba Dyur hakumwelewa Khlestakov hata chembe. Kijana yule hakupanga kumdanganya mtu. Ana miaka kama 23, ni karani wa daraja la chini kabisa kati ya yale madaraja 14 ya utumishi wa Urusi. Anasafiri kwenda kwa baba yake mkoa wa Saratov, hela kaimaliza kwenye kamari ya karata njiani, Penza. Wiki mbili yuko nyumba ya wageni hajalipa, na mwenye nyumba amekataa kumpa chakula. Mkuu wa mji anapoingia chumbani, Khlestakov anadhani amekuja kumkamata kwa deni. Mkuu wa mji naye anadhani ameitwa kuhojiwa. Wote wawili wanatetemeka, kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo tunayoanza nayo mazoezi, kabla hata ya kugusa ya kwanza. Nawaambia wasicheke na wasifanye kitu chochote cha kuchekesha. Gogol mwenyewe aliwaachia waigizaji maelekezo hayo hayo: kadiri mwigizaji anavyofikiria kidogo kuchekesha, ndivyo atakavyochekesha zaidi.

Hofu haifundishwi kwa maneno, kwa hiyo tuna zoezi lake. Kila mtu anasimulia siku ambayo mkubwa fulani alifika kazini kwake bila taarifa. Nasema kazini kwake kwa sababu nyumbani watu hubuni, kazini hukumbuka. Mwalimu mwenzangu alisimulia wakaguzi wa shule, ambao siku hizi tunawaita wathibiti ubora. Kijana wa bodaboda alisimulia leseni iliyokwisha muda. Ila aliyetufundisha wote ni mama wa mgahawa. Alisimulia asubuhi bwana afya aliposimama mlangoni kwake, na nilipomwomba atuonyeshe badala ya kusimulia, alichukua kitambaa, akaanza kufuta meza. Akafuta pale pale mara tatu. Mkono ulikuwa unazunguka kwenye sehemu ndogo isiyozidi sahani, ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo, na macho yalikuwa mlangoni muda wote, na mdomo ulikuwa unasema, "Karibu baba, karibu sana, chai ipo, karibu." Ukumbi mzima ukacheka, kisha ukanyamaza ghafla, maana kila mmoja aliujua mkono ule.

Mkono huo tukampa msimamizi wa hospitali, Zemlyanika. Kila anapotajiwa mkaguzi, anafuta kitu. Kwenye maonyesho yote manne hatujawahi kumpa kitu kingine cha kuchekesha, na hajawahi kukihitaji.

Fanyeni zoezi hili wiki mbili nzima. Mwisho wake, mkuu wa mji asimame na kusema lile neno la kwanza la tamthiliya, kwamba amewaita waheshimiwa kuwapa habari mbaya sana, mkaguzi anakuja, akiwa ameshusha mikono, bila mbwembwe yoyote. Halafu asimulie ndoto yake ya usiku: panya wawili weusi, wakubwa kupita kiasi, walikuja, wakanusa, wakaenda zao. Asimulie kwa sauti ya chini. Akiisimulia kama kichekesho, mwambieni arudie.

Kabla ya mazoezi, msomaji mmoja

Kuna jambo moja nilijifunza kwa habari za siku za mwisho za Gogol. Novemba 1851, miezi michache kabla hajafa, aliwakusanya waigizaji na waandishi Moscow akawasomea tamthiliya yake yote mwenyewe. Ivan Turgenev alikuwepo, akaandika kwamba Gogol alisoma kwa utulivu na kwa kujizuia, kama mtu asiyejali kama kuna anayemsikiliza, na kila neno likawafika.

Kwa hiyo usigawe nafasi siku ya kwanza. Ukigawa, kila mtu atasikiliza mistari yake tu. Isome wewe, peke yako, yote, kwa sauti ya kawaida, hata kama itachukua saa tatu. Sisi tunachemsha ndizi na magimbi, tunaweka chai ya tangawizi kwenye chupa, na nasoma tangu saa nane mchana. Watu wakichoka wanaenda nje wanarudi. Baada ya hapo ndipo unagawa, na utashangaa: kijana uliyedhani anamtaka Khlestakov atakuja kukuomba Osip, mtumishi wake.

Kumchagua mkuu wa mji

Kila mwongozaji huhangaika na Khlestakov, lakini mzigo wa tamthiliya yuko nao mkuu wa mji, Anton Antonovich. Moscow ilipoicheza kwa mara ya kwanza, tarehe 25 Mei 1836, nafasi hiyo aliichukua Mikhail Shchepkin, na ndiye aliyeonyesha njia. Shchepkin alizaliwa mtwana, mali ya bwana mwenye ardhi, akaja kukombolewa akiwa mtu mzima na jina lake limekwisha vuma jukwaani. Mtu wa namna hiyo alijua kwa mwili wake jinsi mtu mwenye cheo anavyosimama mbele ya mdogo, na jinsi anavyopungua mbele ya mkubwa.

Usimpe mtu mnene mwenye sauti kwa sababu tu ni mnene ana sauti. Mtafute anayejua kuzungumza na pande mbili. Wa kwetu ni mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Asubuhi anawafokea vijana wake, mchana anaongea na askari wa barabarani kwa upole wa ajabu, na kati ya sauti hizo mbili hakuna hata pumzi moja. Nilipomwonyesha kwamba jukwaani anatakiwa kufanya hivyo hivyo, aliniuliza, "Madam, hii si kazi yangu ya kila siku?" Nikamwambia ndiyo, afanye hiyo hiyo.

Mkuu wa mji si mjinga, na hili liwekeni wazi. Ana miaka 30 kazini, mwenyewe anajisifu kuwa ameshawazidi akili magavana watatu. Sehemu ya kwanza anapanga kila kitu kwa umakini: wagonjwa wavae kofia safi, bata bukini waondolewe kwenye ukumbi wa mahakama. Na akiulizwa mtu kuhusu kanisa ambalo fedha zake zilitoka miaka mitano iliyopita, aseme lilianza kujengwa likaungua, asije mtu akajisahau akasema halikuanza kabisa. Mstari huo wa kanisa, popote tulipoigiza, ukumbi umetulia kwanza ndipo ukalipuka. Mwigizaji lazima aungoje. Asiendelee kuongea juu ya kicheko.

Maleba na vitu vya jukwaani

Gogol alilalamika sana kuhusu Bobchinsky na Dobchinsky, wale mabwana wawili wafupi wanaoleta habari ya mkaguzi. Yeye aliwaona kama watu nadhifu, wanene kidogo, nywele zimelazwa vizuri. Siku ile ya kwanza walitokea na mawigi makubwa ya kijivu yaliyotimka, mashati yametoka nje kifuani. Watu walicheka kabla hawajafungua mdomo, na walipofungua mdomo hakukuwa na cha kuongezea.

Sisi tuliwanunulia makoti mawili yanayofanana kwenye mitumba ya Mwanjelwa, Mbeya mjini, fundi wetu akayapunguza mikono. Nywele wamechana, viatu wamepaka rangi. Wanachekesha kwa sababu kila mmoja anataka awe wa kwanza kusimulia, na kusimulia kwao ndiko kunakoutia mji wote kwenye balaa. Bobchinsky baadaye anamwomba Khlestakov kitu kimoja tu, kwamba akifika St Petersburg awaambie wakubwa wote, hata mfalme, kwamba katika mji fulani anaishi Pyotr Ivanovich Bobchinsky. Basi. Aliyecheza kwetu aliusema mstari huo kofia ikiwa mkononi, bila kutabasamu, na mzee mmoja mstari wa pili akasema kwa sauti, "Aisee." Angekuwa na wigi lililotimka, mzee yule asingesikia kitu.

Inasimuliwa pia kwamba kabla ya onyesho la kwanza Gogol aliona nyumba ya mkuu wa mji imewekewa fanicha za kifahari, akaagiza zitolewe, ziletwe za kawaida, na vizimba vya ndege na chupa dirishani. Osip, mtumishi wa Khlestakov, alikuwa amevalishwa sare yenye mapambo ya dhahabu. Gogol alimvua mwasha taa wa ukumbi koti lake lenye mafuta, akamvalisha mwigizaji. Fanyeni hivyo hivyo. Usikodi makochi ya ukumbi wa harusi. Meza moja ya mbao, viti visivyolingana, kalenda ukutani ya mwaka uliopita, vinatosha kabisa. Koti la Osip wetu ni la mlinzi wa shule, tunaliazima na kulirudisha.

Majina ya Kirusi msiyaondoe. Vikundi vingi hubadilisha, mkuu wa mji anakuwa kiongozi wa hapa, rubo zinakuwa shilingi, St Petersburg inakuwa Dodoma. Nilifanya hivyo mara ya kwanza nikajuta. Watazamaji wakaanza kubashiri nani anasemwa, wakaacha kutazama. Ukiiacha Urusi ibaki Urusi, kwenye baridi na vyeo vyake, kila mtu anafanya tafsiri kichwani mwake kwa siri, na hiyo ndiyo yenye nguvu. Majina yatamkwe Kiswahili tu. Sisi tunasema Hilestakovu, na hakuna aliyelalamika.

Njaa, kisha uongo

Khlestakov wetu hali chakula cha mchana siku za mazoezi ya sehemu ya pili. Tulikubaliana naye, na anakula vizuri tukimaliza. Sababu ni ile supu. Mhudumu anamletea supu yenye manyoya yanayoelea mahali pa mafuta, na nyama ngumu kama shoka, naye analalamika huku anakula. Kulalamika na kula viende pamoja, mdomo mmoja. Mtu aliyeshiba hawezi kuigiza hilo.

Sehemu ya tatu ameshiba na amelewa, na hapo ndipo panapokuja uongo maarufu. Anaanza na kidogo, kwamba mkuu wa idara ni rafiki yake. Kisha Pushkin naye ni rafiki yake. Kisha ameandika vitabu vya watu wengine. Kisha supu yake inakuja kwa meli kutoka Paris ikiwa ndani ya sufuria. Kisha tikiti maji la rubo 700. Kisha matarishi 35,000 wanatumwa barabarani kumtafuta aje kuongoza idara. Mwigizaji akijua mwanzoni kwamba atafika 35,000, sehemu nzima imekufa. Kila uongo uwe habari mpya hata kwake.

Aliyeifanya hivyo kuliko wote ni Mikhail Chekhov, mpwa wa yule mwandishi mashuhuri Anton Chekhov, mwaka 1921, kwenye Ukumbi wa Sanaa wa Moscow chini ya mwongozaji Stanislavski. Waliomwona walisimulia kwamba alipofika kwenye tikiti la rubo 700, alilichora hewani kwa mikono likatoka la pembe nne. Zoezi letu limetokana na hapo: nampa kijana mstari, na kabla hajataja kiasi namtaka asimame, akitafute kwa macho darini, akione, ndipo akitaje. Tulipoanza hivyo, siku moja alisema "matarishi elfu thelathini na tano peke yake" halafu akatazama nyuma mlangoni kama anayewasikia wanakuja. Hakuambiwa na mtu. Tumekiweka na hakitoki.

Na huku wanaomsikiliza wasicheke hata kidogo. Wanasimama. Kadiri anavyopanda ndivyo wanavyozidi kutetemeka, mpaka mkuu wa mji hawezi kutamka neno zima.

Sehemu hii ndiyo mvua ilitukuta mara ya pili. Huku kwetu mvua haiombi ruhusa, na bati likianza kupigwa, hata anayepiga kelele hasikiki. Waigizaji wangu walijaribu kushindana nayo. Uongo wote ukatoka kwa kupayuka, watu wa nyuma wakaondoka. Siku hizi tunaigiza kuanzia Juni mpaka Septemba, tukijua baridi yake, tunaanza saa nane mchana ili tumalize jua lipo. Na tuna makubaliano: mvua ikinyesha, wote mnasimama pale pale mlipo, kwaya inaingia na nyimbo mbili tatu, mvua ikipungua mwigizaji anarudia mstari wake wa mwisho na kuendelea. Watazamaji wanaelewa. Wenyewe wanakaa chini ya mabati kila siku.

Bahasha na milango

Sehemu ya nne viongozi wanaingia mmoja mmoja kumpa Khlestakov "mkopo". Mkono mtupu haulambwi, na wanajua. Hakimu 300, mkuu wa posta 300, mkuu wa shule 300, msimamizi wa hospitali 400. Bobchinsky na Dobchinsky wanaombwa 1,000, wanajipapasa mifukoni, zinapatikana 65. Viwango hivyo viacheni kama vilivyo. Kwetu watoto waliokaa chini mbele walianza kujumlisha kwa sauti, na ukumbi ukawafuata.

Mwongozaji Vsevolod Meyerhold, Moscow, tarehe 9 Desemba 1926, aliigawa tamthiliya nzima upya kuwa vipande 15, akavipandisha kwenye vijukwaa vidogo vya magurudumu, nyuma yake milango mingi mfululizo. Kwenye sehemu ya rushwa milango ilifunguka pamoja, ikatoka mikono mitupu ya watu wasioonekana, kila mkono na bahasha. Kazi hiyo ilimletea sifa na maadui. Mwaka 1938 ukumbi wake ulifungwa, na mwaka 1940 aliuawa na serikali ya Stalin.

Sisi hatuna milango, tuna kamba na khanga sita. Hakimu na wenzake wanaingia kwanza kama ilivyoandikwa, wanatoka. Halafu, Khlestakov akiwa anahesabu noti peke yake, mikono sita inatoka katikati ya khanga, kimya. Haidumu sekunde kumi. Sikuigiza Meyerhold mzima, singeweza, nilichukua mkono tu.

Tukishapunguza, tamthiliya yote inachukua saa mbili na robo. Punguzeni mazungumzo ya mke na binti wa mkuu wa mji kuhusu nguo, na baadhi ya wageni wa sehemu ya tano. Msiwaguse wafanyabiashara wanaoleta malalamiko, wala wale wanawake wawili: mke wa fundi kufuli ambaye mumewe amepelekwa jeshini isivyo haki, na mjane aliyechapwa viboko kwa makosa. Mkuu wa mji anadai kwamba mjane alijichapa mwenyewe. Bila mjane huyo, watazamaji wataondoka wakidhani wameona viongozi wa kuchekesha tu.

Nasema haya kwa sababu tuliwahi kuombwa kumtoa. Mwenyeji wetu mmoja, siku mbili kabla ya onyesho, alisema mjane "ataleta maneno". Sikubishana naye. Nilimpelekea kitabu kizima, nikamwomba akisome usiku ule, kisha aniambie. Kesho yake alirudisha kitabu, akasema mjane abaki, akauliza tu kama tunaweza kumpa kiti akae, maana amechapwa. Tukampa.

Tangu hapo napeleka andiko wiki tatu kabla, na barua, kwa kila anayehusika. Hata Gogol hakupita mlangoni peke yake. Mshairi Zhukovsky ndiye aliyemfikishia mfalme Nikolai wa Kwanza, ruhusa ikatoka juu. Mfalme alikuja mwenyewe siku ya kwanza, akacheka sana, na inasemekana alipotoka alisema kila mtu amepata lake, na yeye amepata kuliko wote. Maofisa hawakucheka hivyo. Siku kumi baadaye Gogol alimwandikia Shchepkin kwamba wote wako kinyume naye, polisi, wafanyabiashara, waandishi, wanamtukana huku wanakwenda kutazama, na onyesho la nne tiketi hazipatikani. Juni ile ile akaondoka Urusi, akaishi nje kwa miaka mingi.

Mgeni rasmi mkalisheni pembeni, mstari wa kwanza lakini pembeni. Mkuu wa mji anapofika kwenye lile neno la mwisho, "Mnacheka nini? Mnajicheka wenyewe!", ambalo Gogol aliliongeza katika toleo la mwaka 1842, macho yake yaende nyuma kabisa ya ukumbi, kwa watu waliosimama mlangoni. Asimnyooshee mtu kidole.

Dakika moja na nusu

Askari anatangaza mkaguzi amefika. Wote wanageuka mawe. Gogol aliagiza wakae hivyo karibu dakika moja na nusu, na akaandika kila mmoja anasimamaje: mkuu wa mji katikati kama nguzo, mikono imepanuka, kichwa kimerudi nyuma. Mkuu wa posta amegeuka kuwa alama ya kuuliza. Hakimu amechutama karibu na sakafu, midomo kama anayetaka kupiga mluzi. Bobchinsky na Dobchinsky wamenyoosheana mikono, vinywa wazi. Onyesho la kwanza sehemu hii haikufaulu, na Gogol alisikitika. Meyerhold aliwatoa waigizaji kabisa, akaweka masanamu ya ukubwa wa mtu.

Inawezekana kwa watu wa kawaida, lakini inahitaji mazoezi yake peke yake, siku tatu au nne. Kila mtu apate mkao wenye uzito miguuni, pumzi kwa pua, macho yamchague mtu mmoja na yasihame. Hakimu wetu hakuweza kuchutama muda wote huo, tukamwekea ndoo iliyopinduliwa chini ya koti. Mimi nakaa nyuma na saa. Sekunde 20 za kwanza watoto wanacheka. Baadaye wanaanza kuulizana. Ikifika kama sekunde 40 mtu mzima mmoja anakohoa, halafu hakuna sauti tena. Hapo ndipo vijana hutaka kuachia, na hapo ndipo wasiachie.

Mara ya tatu mchungaji mmoja mwema aliniomba apande jukwaani mara tu baada ya hapo aeleze kwamba mkaguzi ni dhamiri ya mtu. Gogol mwenyewe mwaka 1846 alijaribu kuongeza maelezo ya namna hiyo hiyo, na Shchepkin, rafiki yake, akamkatalia: akamwambia akishakufa yeye Shchepkin, Gogol awageuze watu wale hata kuwa mbuzi, lakini kwa sasa hatamtoa hata mmoja. Nilimsimulia mchungaji kisa hicho, tukakubaliana azungumze wiki inayofuata kanisani.

Pazia hatuna. Ukumbi una madirisha nane ya mbao, manne kila upande. Sekunde ya 50, kijana mmoja nje anafunga la kwanza, polepole, kisha la pili. Waigizaji hawasogei. Anazunguka nyuma ya jengo, nyayo zake zinasikika kwenye kokoto, anafunga upande wa pili. Linabaki moja, mwanga wake umeangukia mikono ya mkuu wa mji. Anahesabu mpaka kumi, analifunga.